Chai, Chuma na Nusu Lita ya Damu

Mimba inapokaribia kutimia, mfuko wa uzazi hupitisha damu zaidi ya nusu lita kila dakika. Mtoto akishatoka na kondo la nyuma likabanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha kondo hubaki wazi. Kinachoiziba ni misuli ya mfuko wenyewe. Nyuzi zake zimepishana huku na huku kuizunguka mishipa, na zinapojikaza huiminya mpaka damu ikakoma. Zikilegea, mwanamke aliyekuwa mzima saa nane anaweza kuwa amekata roho saa kumi. Ndiyo maana muuguzi mkunga, mtoto akishalia na ndugu wakaanza kushangilia, huwa bado ameweka mkono juu ya tumbo la mama, akipapasa kama mfuko umekuwa mgumu.

Katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya kazi ya kuzuia kifo hicho huanza miezi mingi kabla ya uchungu, na huanzia kwenye chakula. Damu ambayo mwanamke anaweza kuipoteza akapona hutegemea aliyokuwa nayo. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Ikiwa chini ya 7, upungufu ni mkali, na kuvuja ambako mwenzake angekustahimili akainuka kesho yake kunaweza kumuua. Sasa tazama mlo wa kawaida wa milima hii: ugali, managu au sageti, na kikombe cha chai ya maziwa kando ya sahani. Mboga hizo zina madini ya chuma, lakini chuma cha mimea mwili hukifyonza kwa shida. Polifenoli za chai, zilezile zinazoipa rangi na ukali, hukikamata tumboni kabla hakijaingia kwenye damu. Tafiti zimekuwa zikionyesha hivyo tangu miaka ya 1970, na mmoja uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba chai ikicheleweshwa saa moja baada ya mlo, hasara hiyo hupungua sana.

Kumwambia mama wa Kericho aache chai ni kupoteza maneno, na wala hakuna haja. Mkunga mzuri humpangia saa: chai iwe katikati ya milo, na kidonge cha kila siku chenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki kimezwe kwa maji. Humwambia mapema pia kwamba choo kitakuwa cheusi na huenda akasikia kichefuchefu, kwa sababu asipoonywa ataogopa na kuvitupa vidonge. Kisha humtazama viganja na ndani ya kope. Mwanamke anayechuma majani ya chai tangu alfajiri akiwa na kapu mgongoni huuona uchovu wake kuwa wa kazi tu, na hana sababu ya kuutaja kliniki. Lazima aulizwe.

Eneo hili lilizoea kuwategemea wauguzi zamani sana. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ilianza mwaka 1937 kama zahanati ndogo ya wamishonari, na daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, hakufika hadi 1959. Kwa zaidi ya miaka 20 tiba na uzazi vilikuwa mikononi mwa wauguzi. Leo Tenwek, na hospitali ya Kaplong pia, zina vyuo vya uuguzi. Muuguzi wa afya ya jamii anayesajiliwa nchini Kenya hufunzwa uuguzi, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja, kwa hiyo mtu yuleyule huchanja watoto asubuhi, akatibu nimonia mchana, na usiku akazalisha.

Udhaifu wa miaka mingi katika wodi za uzazi ulikuwa kukadiria damu kwa kuangalia shuka na pamba zilizolowa. Jicho hupunja, na hupunja zaidi damu inapokuwa nyingi. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulihusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa plastiki ya kutandika chini ya mama, yenye mfuko uliochorwa vipimo. Damu ikifika nusu lita, au mililita 300 huku mapigo ya moyo au presha si vya kawaida, hakuna kungoja: tumbo linasuguliwa, mama anapewa oksitosini ya kuukaza mfuko wa uzazi, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, na dripu, kisha anachunguzwa kama amechanika. Yote hufanywa kwa mkupuo. Palipofuatwa utaratibu huo, kati ya kila wanawake 100 waliovuja damu, 93 waligunduliwa. Kwingineko waligunduliwa 51. Kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa kuvuja damu kulipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe zilikuwepo tayari. Mkunga alikuwa amekosa kipimo, na idhini ya kutenda papo hapo.

Dawa nayo ina masharti. Oksitosini, ambayo kila mama anapaswa kuchomwa mara tu mtoto anapotoka, inahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Tenwek huzalisha umeme wake kwa maporomoko ya mto Nyangores, lakini zahanati iliyo juu kwenye mashamba ya chai haina bahati hiyo. Mvua kubwa ya alasiri ikikata stima, friji huzima. Dawa iliyopungua nguvu haibadiliki rangi, na mkunga humchoma mama akiamini imefanya kazi. Kabetosini isiyoharibiwa na joto, dawa nyingine ya kuukaza mfuko wa uzazi, ilijaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwemo, na matokeo ya mwaka 2018 yakaonyesha kuwa haipitwi na oksitosini katika kuzuia kuvuja. Kwa maoni yangu, zahanati zisizo na umeme wa uhakika ndizo zinazopaswa kuipata kwanza.

Hata hivyo wapo watakaovuja baada ya yote hayo, na hao watakimbizwa hospitali za Longisa, Kapkatet au ile ya rufaa ya Kericho wakihitaji kuongezewa damu. Nchini Kenya sehemu kubwa ya damu hiyo hutolewa na wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hupungua. Wanawake hawaahirishi uchungu kwa sababu ni likizo ya Desemba. Viwanda vya chai vimejaa watu wazima wenye afya, na miezi ya likizo ndiyo ya kuwaomba watoe damu.