Baiskeli ya changarawe: jibu langu kwa dada yangu wa Kisauni

Wiki mbili zilizopita dada yangu alinipigia simu usiku kutoka Kisauni. Siku zote salamu zetu huwa ndefu, lakini usiku huo alizikata. "Kaka, nasikia mwanangu amenunua baiskeli na wewe ndiye uliyemshauri. Huko Nairobi, kwenye magari yale? Wataka nije nichukue maiti?"

Nilinyamaza. Kijana amenunua kwa pesa yake, ya mtumba, baada ya mwaka mzima wa kazi. Lakini aliyemtia hamu ni mimi, hilo silikatai. Miaka sita sasa, Jumapili ikifika, natoka na baiskeli kuelekea vilima vya Kikuyu na Ngong, na picha ninazorudi nazo ndizo zilizomvuta.

Nilimwomba dada anipe muda nimjibu kwa utulivu. Nimeona jibu niliandike hapa, maana najua wako wazazi wengi wa Pwani wenye vijana huku bara na wenye hofu kama yake.

Kwanza tuielewe baiskeli yenyewe. Sisi watu wa Pwani tumekua tukiiona mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya chuma, ikibeba madebe ya maji, mikate, samaki na nazi. Hii ya changarawe ni nyingine. Kwa mbali utadhani ni ya mashindano, kwa vile hendeli zake zimepinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Tofauti iko kwenye tairi. Baiskeli ya lami huvaa tairi ya milimita 25 hadi 32; ya changarawe huvaa 38 hadi 45, na nyingine hupita hapo. Tairi pana hukuruhusu kutia upepo kidogo, na ikiwa laini hulikumbatia jiwe badala ya kurukaruka juu yake. Gia zake zina wepesi wa kupandia milima, na breki ni za diski, hazipotezi nguvu haraka kwenye maji na matope. Wengi wameacha tyubu kabisa: humimina dawa ya majimaji ndani ya tairi, na mwiba ukitoboa, dawa hukimbilia tundu na kuliziba.

Si lazima uwe nayo hiyo hasa. Ya mpwa wangu ni ya mlimani, imeshakula miaka. Fundi alimbadilishia tairi, akaikaza cheni na kuweka breki mpya, basi. Cha muhimu ni njia unayoipita.

Mchezo huu si wa zamani. Mbio maarufu za Kansas, Marekani, za maili 200 kwenye changarawe, zilianza mwaka 2006, na ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Italia mwaka 2022. Kenya haikuchelewa: mwaka 2021 zilianza mbio za siku nne katika eneo la Maasai Mara, zinazoitwa Migration Gravel Race. Zimewakutanisha waendeshaji wa Afrika Mashariki na wageni kutoka Ulaya na Marekani.

Na baiskeli si ngeni katika vilima vya magharibi ya Nairobi. Kikuyu ndiko alikoweka makao David Kinjah, aliyewafundisha vijana wa kikundi cha Safari Simbaz. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mtoto wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome. Mtoto huyo alipokua alishinda mbio za Ufaransa, Tour de France, mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Njia zilizompa mapafu ni hizi hizi anazotaka kuzipita mpwa wangu.

Nikueleze basi, dada, safari yetu ilivyo. Mimi nakaa Ngara, karibu na katikati ya jiji. Tunapita Museum Hill, tunashika Waiyaki Way: Westlands, Kangemi, Uthiru, Kinoo, mpaka Kikuyu. Ni kama kilomita 20 na karibu zote ni za kupanda. Jiji lenyewe liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Kikuyu inakaribia 2,000. Mtu aliyetoka Mombasa majuzi atahema kama samaki aliyetolewa majini. Mwanao nilimwambia asifanye haraka, mwili huzoea kwa wiki kadhaa.

Ukiiacha lami pale Kikuyu, mambo hubadilika. Upande mmoja kuna kinamasi cha Ondiri, ambako Mto Nairobi unaanzia. Unaingia njia za udongo mwekundu kuelekea Thogoto na Dagoretti, katikati ya mashamba madogo ya mahindi, kabeji na majani ya ng'ombe. Gari utakutana nalo mara moja moja. Unasikia ndege, unasikia tairi zikisaga kokoto, wazee wanakusalimu kutoka ugani. Ukiwa na nguvu unaendelea kusini hadi Karen, kisha Ngong. Kilele cha milima ile kiko kama mita 2,460, na ukisimama juu unaliona Bonde la Ufa upande wa pili, chini kabisa. Yale mapanga ya upepo yanayozalisha umeme, ya kwanza yalisimamishwa mwaka 1993.

Sasa nije kwenye hofu yako, kwa sababu si ya bure.

Dada, kuna jambo nilikuficha. Mwaka 2021 nilikuambia nimeteleza bafuni nikavunjika mtulinga. Si kweli. Kioo cha pembeni cha basi dogo kilinipiga mgongoni pale Kangemi, saa mbili asubuhi, nikaangukia ukingo wa barabara. Dereva hakusimama. Mkono ulifungwa wiki sita. Nilikudanganya ili usinikataze.

Lakini tazama nilipogongwa. Ni kwenye lami, kabla sijafika kwenye njia tulivu. Huko kwenye vumbi, miaka sita, nimeanguka mara nyingi na mabaya zaidi yalikuwa goti lililochubuka. Watu hudhani hatari iko porini kwenye mawe na mabonde. Kwa mtu wa Nairobi, hatari kubwa ni zile kilomita 20 za kwenda huko.

Na hilo si kudra tupu, linatengenezwa na watu. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya wanaotembea kwa miguu na wanaoendesha baiskeli, iliyosema asilimia 20 ya bajeti ya barabara itengwe kwa ajili yao. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na baiskeli haziruhusiwi kuipita. Tulioachwa chini tunapata kipande cha njia hapa, kinaishia kwenye mtaro pale, na penye njia nzuri kuna meza za biashara na bodaboda zimeegeshwa. Siwalaumu wachuuzi, nao watafute riziki wapi? Lakini sera haimlindi mtu mpaka ijengwe.

Sitaki pia nikudanganye mara ya pili kwa kusema changarawe haina hatari. Suleiman Kangangi, aliyejulikana kama Sule, nahodha wa kikosi cha Team Amani na mmoja wa waendeshaji hodari kabisa wa Kenya, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Kwenye kokoto tairi hushika kidogo kuliko kwenye lami, na mwendo wa mteremko ukishakuzidi, breki hazikusaidii tena. Yeye alikuwa kwenye mashindano. Sisi hatushindani na mtu. Kwa hiyo kwenye mteremko tunashika breki mapema, kabla ya kona, si ndani yake.

Masharti niliyompa mwanao ni haya. Tunatoka kabla jua halijachomoza, taa mbele na nyuma, ili saa moja itukute tumeshaipita Kangemi. Helmeti haivuliwi. Hatoki peke yake. Ngong kumewahi kuwa na wizi, kwa hiyo tunapanda kwa kundi, tunalipa kiingilio cha msitu na kuchukua askari. Mvua za Aprili na Novemba tunabaki nyumbani, maana udongo ule mwekundu hunata mpaka gurudumu halizunguki. Na kurudi hatuteremki Waiyaki Way saa ambazo matatu zimechachamaa: mwenzetu mmoja ana pikapu, tunachanga mafuta na kupakia baiskeli zote.

Najua utauliza, kwa nini usumbufu wote huo? Kijana wako anashinda kwenye kiti siku tano, anarudi chumbani, analala na simu. Jumapili ile ya kwanza tulipokaa chini ya mti Thogoto tukila viazi vya kuchemsha, aliongea na mimi saa nzima, kuhusu kazi, kuhusu marehemu baba yake. Tangu aje Nairobi hajawahi kuongea namna ile.

Na kwenu huko, njia kama hizi mnazo: Rabai, Kaloleni, vilima vya Kwale. Huku nyingine zimeshakwenda. Msitu wa Ngong Road umekatwa na barabara ya Southern Bypass, na Karura, ambako leo watu wanaendesha baiskeli kwa amani, umebaki kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 ili usigawanywe. Barabara mpya zikija Pwani, na zinakuja, tuulize mapema: ya baiskeli iko wapi?

Dada niliyamaliza haya kwake kwa simu kabla ya kuyaandika. Habari ya mtulinga ilimkasirisha kuliko yote, na sijui atanisamehe lini. Mwishowe alisema kijana aende, lakini ampigie simu akifika Kikuyu, na ampigie tena akirudi.

Jumapili iliyopita tulifika Kikuyu saa moja na robo. Kabla sijashuka kwenye baiskeli, mpwa wangu alikuwa ameshatoa simu.