KWA NINI FAZA INA MBUNGE WAKE?

Mkulima wa skimu akija ofisini kuuliza habari za mbegu, mara nyingi huongeza swali moja kabla hajaondoka: "Bwana Karani, sisi wa Mpeketoni, Hongwe na Hindi tu wengi. Watu wa Faza ni wachache. Mbona wao wana Mbunge mmoja, na sisi mmoja?" Swali hili ni la haki, na yafaa lijibiwe kwa hesabu, si kwa hasira.

Hesabu ya watu

Kaunti ya Lamu ina maeneo mawili ya Bunge. Lamu Magharibi ndiko kwenye mashamba ya skimu. Lamu Mashariki ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Lamu Magharibi ilikuwa na watu 121,662, na Lamu Mashariki watu 22,258 tu. Tukigawa watu wote wa Kenya wa mwaka ule kwa maeneo 290 ya Bunge, kila eneo lingepata watu zaidi kidogo ya 164,000.

Katiba ya mwaka 2010 yaruhusu eneo lenye watu waliotawanyika lipungukiwe na kiasi hicho, lakini lisipungukiwe zaidi ya asilimia 40, yaani lisishuke chini ya watu 98,000 hivi. Lamu Magharibi yapita hapo. Lamu Mashariki haifiki hata robo. Ilibaki kwa sababu katika ugawaji wa kwanza baada ya Katiba mpya, maeneo 27 yenye watu wachache yaliachwa yasifutwe. Ruhusa ile ilikuwa ya mara moja.

Wanavyochagua

Wengine hudhani kwamba visiwani chama hutangulia na watu wote hufuata. Matokeo hayasemi hivyo. Mwaka 2022 Lamu Mashariki ilimchagua Bi. Ruweida Obo wa Jubilee, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa Mbunge wa eneo lile. Siku hiyo hiyo kaunti nzima ilimchagua Gavana Issa Timamy wa ANC, na Mwakilishi wa Wanawake, Bi. Monica Marubu, ambaye hakuwa na chama. Bwana Timamy mwenyewe alishinda mwaka 2013 kwa chama cha UDF. Chama kilibadilika, mtu akabaki yule yule.

Sababu yake si ngumu. Mahali padogo mgombea hujulikana yeye, wazee wake na mwendo wake. Mtu wa Faza humwuliza habari za jabia la maji ya mvua, boti ya kupeleka wagonjwa, na usalama wa wavuvi baharini. Mkulima wa skimu huuliza hati ya shamba, barabara na bei ya pamba. Haja hizi ni mbali mbali, nazo zafaa kusemwa na vinywa viwili.

Lakini udogo una hatari zake. Jamaa huweza kumlazimisha jamaa, na mwenye fedha huona kura chache kuwa rahisi kununua. Wazee wanakumbuka mwaka 1988, watu walipopanga mistari mbele ya macho ya wote katika uteuzi wa KANU. Siku hizi kura ni ya siri. Mkulima, hakuna mtu, awe mzee wa kijiji au ndugu yako, mwenye haki ya kukuuliza ulimpigia nani.

Mipaka ikitazamwa upya

Katiba yataka mipaka itazamwe upya kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Muda huo ulikwisha mwaka 2024 bila kazi kufanywa, kwa kuwa Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna. Wapya waliapishwa Julai 2025.

Wengine katika skimu hufurahi wakisema, "Wakifuta lile la Faza, tutapata sisi." Hebu tuhesabu. Maeneo mawili yakiunganishwa, watu wote wa Lamu ni 143,920. Hao bado hawafiki 164,000. Kwa hiyo Lamu yote ingebaki na Mbunge mmoja, naye angetakiwa kwenda Witu, Mpeketoni, Faza na Kiunga. Mkulima asingeongezewa kitu; angepunguziwa zamu ya kusikizwa.

Hata hivyo watu si hesabu peke yake. Katiba yaamuru Tume itazame pia umbo la nchi, njia za usafiri, historia na umoja wa wenyeji, na isikilize maoni ya wananchi. Basi Tume ikija, nenda ukaseme. Tazama pia kama jina lako limo katika daftari la wapiga kura. Mwaka 2017 kiti cha Gavana wa Lamu kilipatikana kwa tofauti isiyofika kura 200. Kura hizo huweza kutoka katika kijiji kimoja tu, cha Faza au cha skimu.