Je, Wajua? Mzizi wa Wafoinike Unasemwa Mtawanya

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa Mtawanya, kule Kibiti, akisema "katibu ametia mkataba kwenye kitabu", ametamka mzizi mmoja mara tatu? Ni K-T-B, konsonanti tatu zenye maana ya kuandika. Ongeza maktaba na katiba. Wafoinike wa kale wa Tiro na Sidoni, wenye alfabeti ya herufi 22 zisizo na irabu hata moja, nao walikuwa na mzizi huohuo.

Lugha yao ilikufa, ingawa zama za Mtakatifu Augustino (354–430) wakulima wa Afrika Kaskazini walikuwa bado wakiisema. Leo wapo wapenzi wa lugha wanaobuni Kifoinike kipya, wakijiuliza sarufi yake ingekuwaje lau ingeishi hadi sasa. Sisi hatuna haja ya kubuni. Mzizi wa Kisemiti, yaani wa jamii ya lugha za Kifoinike na Kiarabu, ulipohamia ugenini, ulihamia vinywani mwetu kupitia Kiarabu.

Tazama wingi. Mwarabu hubadili irabu ndani ya neno: kitab, kutub. Mswahili alipolisikia neno hilo alisikia ki- ya kikapu, akasema vitabu, na ile K ya mzizi ikatoweka kabisa! Masjid ya Kiarabu, ambayo wingi wake ni masajid, kwetu ikawa msikiti, misikiti, sawa na mti na miti. Ninaloshangaa zaidi ni waraka. Kiarabu husema awraq, lakini sisi tuliliweka kundi moja na chombo cha mvuvi wa delta ya Rufiji: wavu, nyavu, waraka, nyaraka. Vitenzi navyo vikaota mikia ya Kibantu: safiri, safirisha, safirishwa.

Hata hesabu imechanganyika. Tano na nane ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, ndugu za sh-sh, sh-b-' na t-sh-' za Wafoinike.

Maneno mengi kati ya hayo yaliingia pamoja na Uislamu na biashara ya majahazi. Lakini ujirani wetu na Waarabu ni wa kale zaidi. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinaeleza bandari ya Rhapta, ambako manahodha wa Kiarabu walioa wenyeji na kuijua lugha yao. Wapo wataalamu wanaoamini Rhapta ilikuwa Rufiji. Mwaka 1999 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizofukuliwa eneo hilohilo la delta.