Afande: neno lililotoka Cairo na askari wa Kisudani

Kuruta wa JKT hujifunza neno hili kabla hajajua kufunga buti sawasawa. Akiagizwa, jibu ni moja: "Ndiyo, afande!" Raia akisimamishwa na trafiki hulitanguliza hilo hilo, na kurasa za michezo zikiandika "maafande" msomaji anajua kuwa inasemwa timu ya jeshi au ya polisi. Wachache huuliza lilifikaje kwetu. Lilikuja na watu, tena watu waliotolewa mbali sana na kwao.

Shina lake ni la Kigiriki, neno la mtu anayetenda kwa mamlaka yake mwenyewe. Waturuki walilitamka efendi, wakawapa wasomi na maofisa wa dola ya Uthmaniya. Wamisri wakasema afandi, na jeshi lao likalishusha hadi Sudan.

Mwaka 1889 Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann kuzima vita vya Abushiri kwenye mwambao wa Pangani na Bagamoyo. Askari aliwatafuta Cairo, akapata Wasudani wapatao 600 waliokwisha kulitumikia jeshi la Misri. Wengi asili yao ilikuwa Sudan ya kusini, na wapo walioingizwa jeshini kwa utumwa. Walikuja na vyeo vyao: ombasha, yaani mkuu wa watu kumi kwa Kituruki, kisha shaushi, na juu kabisa efendi. Mjerumani aliviacha vilivyo. Efendi ndicho kikawa kilele cha Mwafrika katika jeshi lake. Juu ya hapo walikaa Wazungu peke yao.

Njia ya pili ilipita Uganda. Mwaka 1891 Mwingereza Frederick Lugard aliwachukua Wasudani walioachwa karibu na Ziwa Albert na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan. Hao wakawa msingi wa kikosi cha Uganda, ambacho mwaka 1902 kiliunganishwa na vingine kuwa King's African Rifles, yaani Keya. Wajukuu zao ni Wanubi wa Bombo na Kibera, ambao mchango wao katika lugha ya kambi zetu hautajwi inavyostahili. Mwishoni mwa utawala wao Waingereza nao waliwapa askari Waafrika wa juu cheo cha efendi. Idi Amin alikipata mwaka 1959.

Ombasha na shaushi wamezikwa, nafasi zao wakachukua koplo na sajini. Afande alinusurika, na kwa maoni yangu ni kwa sababu alitoka kwenye ngazi ya vyeo. Koplo humwita luteni afande, luteni humwita meja afande, na hata Mkuu wa Majeshi huitikiwa hivyo hivyo. Halichagui mwanamume wala mwanamke. Tena lilikaa ndani ya Kiswahili, lugha iliyowaunganisha askari wa makabila mengi kambini. Ndiyo maana linasikika hata katika majeshi ya Uganda na Rwanda, ambako wengi hawakuzaliwa na Kiswahili.

Mtaani lina kazi nyingine. Mama ntilie anayemwita polisi "afande wangu" hasemi habari ya cheo. Anaheshimu, anabembeleza, na pengine anaogopa, yote kwa pumzi moja.