Je, Mnazi Si Pombe?

Vijana wetu wa Diani na Msambweni husema mnazi si pombe, ni maji ya mti wa nyumbani. Kweli, mgema ashukapo asubuhi tembo ni tamu, hata mtoto huonjeshwa. Lakini chachu imo hewani, imo na ndani ya kibuyu. Ifikapo jioni sukari nyingi imekwisha kugeuka kileo kile kile cha bia. Wamijikenda wa kale waliliweka tembo kuwa haki ya wazee. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo pombe za kienyeji nazo zimo, yakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Nawe mzazi wamtuma mtoto mangweni na chupa! Huyo huonja kabla yako, tena njiani.