KWA NINI MWENYE BAISKELI YUKO KWENYE NJIA YA MAGARI?

Kama umewahi kufika Tunduma, umeyaona malori. Foleni ikiwa ndefu, yanasimama moja nyuma ya jingine toka mpakani mpaka nje ya mji. Mengi yametoka bandari ya Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Yanangoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mengine yataendelea mpaka Kongo.

Sasa mtazame mtu mmoja kando ya malori hayo. Amefunga gunia la mahindi kwenye baiskeli yake. Hapiti pembeni. Anapita juu ya lami, mahali pa magari. Madereva wanampigia honi na kusema hana akili.

Je, ni kweli hana akili? Tumfuate tuone.

Nchini kwetu tunapita kushoto. Mwenye baiskeli anayekwenda mpakani anapaswa kukaa kushoto, karibu na ukingo. Lakini ukingo huo ndio uliojaa malori yaliyosimama. Basi zimebaki njia tatu.

Njia ya kwanza ni kupita kati ya malori na mtaro. Hapo wapo waendao kwa miguu. Yupo mama lishe na masufuria yake. Ipo mikokoteni, zipo bodaboda. Na hapo ndipo utingo anaposhukia. Mlango unafunguliwa ghafla, naye mwenye baiskeli hana pa kukwepea ila mtaroni. Tena foleni husogea bila taarifa. Dereva amekaa juu, upande wa kulia. Mtu aliye chini karibu na mlango wa kushoto haonekani kwake. Lori likikata kona, tela hulala upande wa ndani na kumbana aliye hapo.

Njia ya pili ni kuvuka barabara na kwenda kinyume, uso kwa uso na magari yanayotoka mpakani. Wapo wanaofanya hivyo. Usiwaige. Dereva anayeingia barabarani kutoka mtaani hatazamii baiskeli upande huo.

Njia ya tatu ni kupita kulia kwa foleni, pamoja na magari yanayotembea. Huyo ndiye mtu wetu wa gunia. Njia hiyo si nzuri. Ameichagua kwa sababu hapo, angalau, anaonekana.

Hata pasipo na foleni, ukingo una mambo yake. Mahali pengine lami imemegeka, na udongo uko chini kwa kina cha kiganja. Mwenye baiskeli tupu atashuka na kupanda. Mwenye gunia hawezi. Akishuka, gurudumu linakwama kwenye ukingo wakati wa kupanda, naye anaanguka upande wa barabara, mbele ya magari. Kwa hiyo anakaa hatua moja mbali na ukingo. Dereva akimwona hapo, anadhani ni kiburi.

Nawe dereva unayesoma gazeti hili, usimpigie honi ukiwa mgongoni mwake. Atageuka kukutazama, na usukani utafuata macho yake. Ngoja nyuma, mpaka upate nafasi ya kumpita kwa mbali.

Barabara hii kuu ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru mwaka 1965, na Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupitisha shaba na mafuta. Ilijengwa kwa ajili ya malori. Mji umekua baadaye kandokando yake, na baiskeli ikaingia humo humo.

Wengine husema: zijengwe njia za baiskeli, mambo yataisha. Ni vizuri zijengwe. Lakini tazama Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, kando yake palikuwa na njia za waendao kwa miguu na baiskeli. Bodaboda zikaingia humo, na wachuuzi wakapanga bidhaa. Mwenye baiskeli akarudi kwenye magari.

Wewe unayeleta mazao mjini kwa baiskeli, kabla ya kutoka kwenda kulia, tazama nyuma kwanza, kisha nyosha mkono. Usishike lori likuvute mlimani. Usiku uwe na taa mbele na kiakisi chekundu nyuma. Foleni ikikubana, shuka usukume. Kufika umechelewa nusu saa hakuozeshi mahindi.

Ukingo wenyewe ni jambo la mkutano wa mtaa. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, na barabara za mitaa ziko chini ya TARURA. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kupeleka habari ya lami iliyomegeka mpaka halmashauri. Lakini genge lililosogea mpaka kwenye lami halihitaji barua. Mwenye genge yupo mkutanoni, mwambieni arudi nyuma hatua tatu.