Uchungu Mmoja Usile Furaha Zote

Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge. Baadaye kamba za plastiki zikashusha bei, na mashamba mengi ya Kilosa yakadhoofika. Hapa Chanzuru wako wazee ambao hata leo wanausikitikia mshahara ule. Wana haki.

Lakini tazama, baba: mahindi yameota, mama amepika, mjukuu anakungoja akusomee daftari lake. Ukiingia nyumbani umenuna, je, bei ya mkonge itapanda? Utakuwa umewanyima wenzako jioni njema tu.

Linalorekebika lishike kesho kwa jembe. Lililo jema lishukuru leo, tena kwa sauti, wa nyumbani wasikie.